Mafuta ya Kujikinga na Jua: Tarihi Yake na Namna ya Kuyachagua

Wahenga walisema kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii husemwa juu ya vyombo vya baharini, lakini yafaa pia kwa vitu vidogo ambavyo mtu huvitia mkobani bila kuvifikiri. Kimoja katika vitu hivyo ni chupa ya mafuta ya kujikinga na jua. Baba na mama wanaojiandaa kuwapeleka watoto wao likizo, iwe pwani, iwe ziwani, iwe mlimani, husimama mbele ya rafu ya duka la dawa wakaona chupa nyingi za rangi mbalimbali, kila moja ina namba yake na sifa zake, nao huuliza swali moja: ipi iliyo nyepesi kutumia? Swali hilo laonekana dogo. Makusudi ya insha hii ni kuonyesha kuwa lina tarihi ndefu, na kuwa katika tarihi hiyo neno "wepesi" limebeba maana mbili zinazopingana. Uko wepesi unaomsaidia mtu kujikinga, na uko wepesi unaomdanganya kuwa amekwisha kujikinga. Asiyezitenganisha maana hizi mbili aweza kununua chupa ya thamani kubwa na kurudi nyumbani na mtoto aliyebabuka mabega.

Kabla ya chupa palikuwa na kivuli, nguo na udongo. Mkulima wa nchi zetu alitoka alfajiri kwenda shambani na kupumzika jua lilipofika utosini, si kwa uvivu bali kwa hekima. Mvuvi alivaa kofia pana ya ukindu. Mama alijitanda kanga, na mtoto aliyebebwa mgongoni akapata kivuli chake humo humo. Wahimba wa Namibia hujipaka otjize, yaani siagi iliyochanganywa na udongo mwekundu wenye chuma, na uchunguzi wa wataalamu wa zama zetu umeonyesha kuwa udongo huo huzuia sehemu ya miali ya jua. Huko Komoro wanawake hujipaka usoni msindzano, ambao ni mti wa msandali uliosagwa juu ya jiwe, kwa urembo na kwa kuihifadhi ngozi. Katika pwani yetu liwa ni ndugu yake, ingawa sifa yake kubwa ni manukato na ubaridi wake mwilini.

Desturi hizi zote zina jambo moja linalozikusanya. Kinga ilikuwa ndani ya kazi, ndani ya vazi, ndani ya pambo. Hapana aliyehitaji kuikumbuka kama wajibu wa ziada, kwa maana haikuwa wajibu wa ziada. Msomaji alishike jambo hili, kwa sababu tutaona kuwa elimu ya karne ya ishirini, baada ya kuzunguka sana, ilirudi pale pale.

Elimu ya miali yenyewe ilikuja polepole. Mwaka 1801 huko Jena, Ujerumani, Johann Wilhelm Ritter aligundua kuwa ng'ambo ya rangi ya urujuani katika nuru iliyotawanywa iko miali isiyoonekana kwa macho, nayo ina nguvu ya kuigeuza chumvi ya fedha kuwa nyeusi. Miali hiyo twaiita leo urujuanimno. Mwaka 1820 daktari wa Uingereza, Everard Home, aliiweka mikono yake juani, mmoja ameufunika kwa kitambaa cheusi na mwingine ameuacha wazi. Mkono uliofunikwa ulipata joto zaidi, walakini haukudhurika. Ulioachwa wazi ndio uliobabuka. Kwa jaribio hilo jepesi ilidhihirika kuwa kinachounguza ngozi si joto la jua, bali ni nuru yake.

Hoja hiyo ina umri wa miaka mia mbili, na bado watu wengi hawajaizingatia. Wasafiri hupima hatari kwa joto wanalolisikia mwilini. Upepo wa bahari ukivuma, au mawingu yakitanda, au mtoto akizama majini hata mabegani, hudhani kuwa hatari imepita. Joto limepita, miali haikupita. Juu ya mlima, ambako baridi huuma, miali huwa mikali kuliko bondeni, kwa kuwa hewa ya kuizuia ni chache. Basi kabla ya kuuliza habari za chupa, jamaa wanaokwenda likizo wanapaswa kujua kuwa ubaridi si kivuli.

Tuje sasa kwenye kuzaliwa kwa chupa yenyewe. Katika Ulaya ya zamani ngozi iliyokolea jua ilikuwa alama ya kibarua wa shambani, na mabibi wa nyumba kubwa walijihifadhi kwa miavuli na glavu. Mwanzoni mwa karne ya ishirini mambo yalianza kugeuka. Mwaka 1903 Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa nuru, na mwaka huo huo Auguste Rollier alifungua zahanati yake huko Leysin katika milima ya Uswisi, akiwalaza wagonjwa wa kifua kikuu juani. Jua likawa dawa. Ilipofika miaka ya 1920, matajiri walipokwenda kupumzika katika pwani ya kusini ya Ufaransa, rangi ya jua ikawa pambo. Sababu yake ni dhahiri: kibarua alikuwa amekwisha kuingia kiwandani, akawa hana jua, na mwenye nafasi ya kulala mchangani akawa ndiye tajiri. Alama ya taabu iligeuzwa kuwa alama ya starehe.

Mwaka 1936 serikali ya Léon Blum katika Ufaransa ilipitisha sheria ya kuwapa wafanyakazi wote likizo ya juma mbili yenye malipo. Makarani na wafanyakazi wa viwandani, pamoja na wake zao na watoto wao, walipanda treni kwenda baharini, wengi wao kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Wakati ule ule kampuni ya L'Oréal ya Eugène Schueller ilikuwa imetoa mafuta yake yaitwayo Ambre Solaire. Ndipo likizo ya jamaa na chupa ya mafuta zilipofungamana, na hazijaachana hata leo. Lakini tuangalie vizuri yale mafuta yaliahidi nini. Hayakuahidi kumzuilia mtu jua. Yaliahidi kumpa rangi ya jua bila ya maumivu. Yalikuwa mepesi kupaka, yenye harufu nzuri, na yalikuwa mshirika wa jua kuliko kuwa ngao yake.

Palikuwa na watu wengine waliotafuta ngao. Huko Adelaide, Australia, Milton Blake alitengeneza mafuta yake mwaka 1932, katika nchi ambayo wahamiaji wenye ngozi nyeupe walikuwa wamejiweka chini ya jua lisilo la mababu zao. Franz Greiter, aliyekuwa mwanafunzi wa kemia, aliungua alipopanda mlima Piz Buin mwaka 1938, kisha mwaka 1946 akatoa mafuta aliyoyaita Gletscher Crème, yaani mafuta ya barafuto. Katika Vita vya Pili vya Dunia majeshi ya Marekani yaliwapa askari wake mafuta mazito mekundu ya jamii ya vaselini ili wasiungue wakiwa visiwani au katika mashua za kujiokolea. Benjamin Green, mtaalamu wa dawa wa Miami, huhesabiwa miongoni mwa walioyashughulikia, mwaka 1944.

Mafuta yale mekundu yana fundisho kubwa. Yalikinga kwa kiasi chake, lakini yalinata, yalitia rangi nguoni, na hakuna aliyeyapaka kwa hiari. Vita vilipokwisha Green aliyafikiri upya, na kutokana na kazi yake yakapatikana mafuta ya Coppertone, laini na yenye harufu tamu, ambayo watu waliyapenda. Waliyapenda ili wapate rangi ya shaba, kama jina lake lisemavyo. Basi angalia jinsi mambo yalivyokwenda: kinga isiyo nyepesi iliachwa, na wepesi ulipopatikana, kinga ikawa si shabaha tena. Kwa miaka mingi baada ya hapo vitu hivi viwili havikukutana sawasawa.

Kilichovilazimisha kukutana ni namba. Rudolf Schulze katika Ujerumani alieleza mwaka 1956 njia ya kupima nguvu ya mafuta haya, na Greiter akaieneza katika miaka iliyofuata. Mwaka 1978 serikali ya Marekani nayo ikaanza kuishughulikia namba hiyo katika kanuni zake. Ndiyo namba tuionayo leo juu ya kila chupa: 15, 30, 50. Wengi huisoma vibaya. Hudhani kuwa 30 hukinga mara mbili ya 15. Kwa kweli mafuta ya 15 yakipakwa sawasawa huzuia kama asilimia 93 ya miali inayobabua, ya 30 huzuia kama asilimia 97, na ya 50 kama asilimia 98. Kupanda kutoka 15 hadi 30 kuna faida; kupanda kupita 50 faida yake ni ndogo mno, ingawa bei aghalabu hupanda. Tena namba yenyewe inahusu hasa miali mifupi inayobabua ngozi. Miali mirefu, inayopenya ndani zaidi, ikaizeesha ngozi na kuchangia saratani, huhitaji alama nyingine juu ya chupa, ile inayosema kuwa mafuta yanakinga miali ya aina zote mbili. Mwaka 2006 Tume ya Ulaya ilishauri kuwa kinga ya miali mirefu isipungue theluthi moja ya ile namba.

Lakini siri kubwa ya namba iko katika kipimo chake. Namba hupatikana maabarani kwa kupaka miligramu 2 katika kila sentimita mraba ya ngozi. Mtu mzima akitaka kujipaka kwa kiasi hicho mwili mzima, huhitaji mililita 30 na zaidi, yaani vijiko vikubwa viwili. Uchunguzi mwingi umeonyesha kuwa watu hujipaka robo mpaka nusu ya kiasi hicho. Tena mafuta hutakiwa kupakwa upya kila baada ya saa mbili, na kila mtu atokapo majini. Hesabu yake basi ni hii: chupa ya mililita 200 haimtoshi mtu mzima mmoja hata mara saba, na siku moja ya pwani kutoka asubuhi hadi alasiri humtaka ajipake mara tatu au nne. Jamaa wa watu wanne waliokwenda likizo ya juma zima na chupa moja, wakairudisha nyumbani ina nusu, hawakuwa na mafuta ya 50. Walikuwa na namba 50 iliyoandikwa juu ya chupa, na juu ya ngozi zao walikuwa na kitu kingine.

Hapo ndipo wepesi wa udanganyifu uingiapo. Mwaka 1999 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wanafunzi wa Ufaransa na Uswisi waliokuwa likizoni. Baadhi yao walipewa mafuta ya namba 10 na wengine ya namba 30, bila ya wao kujua nani amepewa nini. Waliokuwa na namba kubwa walikaa juani muda mrefu zaidi, kwa karibu robo nzima. Hawakuwa wajinga, walikaa mpaka ngozi ilipoanza kuwaonya, na onyo lilichelewa. Namba iliyokusudiwa kupunguza jua iliwaongezea jua. Kwa sababu kama hizo serikali zilianza kuyakemea maneno ya biashara. Ulaya katika ushauri wake wa 2006 ilikataa maneno yanayoahidi kinga kamili, na kanuni za Marekani za mwaka 2011 ziliyakataza maneno ya kudai kuwa mafuta hayatoki kwa maji wala kwa jasho. Liliruhusiwa neno la kustahimili maji tu, na dakika zake sharti zitajwe: 40 au 80.

Dhidi ya wepesi huo tuuweke wepesi wa kweli, na mfano wake uko Australia. Mwaka 1981 katika jimbo la Victoria ilianzishwa kampeni iliyowafundisha watu kwa maneno matatu mafupi kuvaa shati, kupaka mafuta na kuvaa kofia. Mafuta yalikuwa moja tu ya matatu, wala hayakutajwa mwanzo. Kisha mwaka 1992, katika mji wa Nambour, Queensland, wataalamu waliwachukua watu wazima 1,621 wakawagawa. Kundi moja liliambiwa lijipake kila siku asubuhi kichwani, shingoni na mikononi. Jingine liliachwa lijipake lipendavyo. Baada ya miaka minne na nusu, aina moja ya saratani ya ngozi ilikuwa imepungua kwa karibu asilimia 40 katika kundi la kila siku, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kuwa hata saratani ya melanoma, iliyo kali kuliko zote, ilipungua kwa kiasi cha nusu. Makundi yote mawili yalikaa katika mji mmoja chini ya jua moja, na hapana aliyekatazwa mafuta. Kilichotofautiana ni mazoea. Mtu ajipakaye kama apigavyo mswaki hahitaji kukumbuka, na hapa ndipo tuliporudi kwa mkulima na kofia yake ya ukindu.

Kwa mwanga huo twaweza sasa kuzitazama chupa za rafuni. Mafuta ya krimu huchukua muda, lakini mkono huona ulipopita na palipobaki, na kwa mtoto ndiyo ya kutumainiwa zaidi. Mafuta ya kupuliza humpendeza mzazi mwenye watoto wasiotulia. Hata hivyo upepo wa pwani huyachukua, mtoto aweza kuyavuta pumuzi, na ngozi hupata ukungu tu. Atakayeyatumia na ayapulizie kiganjani kwanza, kisha apake. Mafuta magumu ya kijiti hufaa puani, masikioni na pembeni mwa macho, ambako krimu huchuruzika ikawasha. Mtoto asiyetimiza miezi sita haifai kumtegemeza kwa mafuta ya aina yoyote. Kinga yake ni kivuli na nguo.

Liko pia swali la viungo. Mafuta yenye oksidi ya zinki au ya titani hayawashi sana, lakini mengi huacha weupe kama wa chokaa, na juu ya ngozi nyeusi weupe huo huchusha. Kwa watu wetu jambo hili si la kupuuzwa: mafuta yanayomwaibisha kijana mbele ya wenzake hatajipaka mara ya pili. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, na saratani ya ngozi itokanayo na jua ni adimu kwake. Lakini haikosi kabisa kuungua, hasa kwa mtu aliyeshinda baharini. Tena mafuta ya mwogeleaji huishia majini. Palau kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020, na Hawaii kwa sheria iliyoanza mwaka uliofuata, zimekataza baadhi ya viungo vinavyohofiwa kuyadhuru matumbawe. Sisi tunaoishi kando ya matumbawe kutoka Lamu mpaka Mtwara tunayo haki ya kulifikiri jambo hilo, na shati la mikono mirefu la kuogelea hupunguza mafuta yanayohitajika na kuitunza bahari kwa pamoja.

Mpaka hapa tumesema habari za watu waliolifuata jua kwa hiari yao, nao waweza kuliacha likizo ikiisha. Wako watu katika nchi zetu ambao kwao likizo hiyo ya kuliacha jua haipo. Mtu mwenye ualbino hana rangi ya kumkinga, naye katika Tanzania huzaliwa chini ya jua ambalo adhuhuri hupita kiwango cha juu cha kipimo cha kimataifa. Hesabu iliyofanywa Dar es Salaam na kutolewa katika miaka ya 1980 ilikadiria mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400, na madaktari wa wakati ule walieleza jinsi saratani ya ngozi ilivyowaondoa wengi wao wakiwa bado vijana. Kwao mafuta haya ni dawa. Walakini yalipowafikia, yalifika katika chupa iliyobuniwa kwa ajili ya watalii, kwa bei ya watalii.

Huko Moshi, penye hospitali ya KCMC, kiko chuo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992. Katika muongo wa 2010 yalianza kutengenezwa huko mafuta yaitwayo Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino, nayo hugawiwa pamoja na mafunzo na uchunguzi wa ngozi. Hapa neno "wepesi" lilipata maana yake iliyo kamili: mafuta yatengenezwe karibu na wanaoyahitaji, yafike kwa utaratibu, yasimgharimu mtu chakula chake, na aelezwe kwa lugha yake kiasi gani apake na lini. Pamoja nayo yaende kofia yenye ukingo mpana na nguo ya mikono mirefu. Kipimo hicho ni kikali kuliko kile cha rafu ya duka, na kwa maoni yangu ndicho kipimo cha haki kwa mafuta yote.

Basi jamaa wanaojiandaa kwa safari wajiulize kwa kipimo hicho. Je, mafuta haya yanakinga miali ya aina zote mbili, na namba yake haipungui 30? Je, bei yake inaturuhusu kuyatumia kwa wingi, au tutayabania? Je, watoto watakubali kupakwa mara tatu kwa siku bila ugomvi? Je, tumepanga kukaa kivulini kutoka saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, au twataka chupa ifanye kazi ya kivuli? Na ikiwa katika safari hiyo, kama katika safari za shule, yumo mtoto mwenye ualbino, je, kivuli, kofia na mafuta yake vimefikiriwa kabla ya basi kuondoka? Chupa itakayoyajibu maswali haya ndiyo nyepesi, hata kama si ya jina kubwa. Isiyoyajibu ni nzito, hata kama hupulizwa kwa kidole kimoja.